Njia ya Arobaini na Nane

Msinibishie, nilikuwepo. Sikuhadithiwa na jirani: niliona kwa macho haya mawili, birika la chai mkononi. Wenye vyeti walikuwa wamekaa, mimi wa darasa la sita nimesimama, na aliyesimama huona zaidi.

Ofisi ile ilitengeneza programu ya hospitali, ile inayopanga kila mgonjwa apewe dawa kiasi gani. Walikuwa na mkaguzi, naye si mtu. Ni programu inayosoma programu nyingine na kuhesabu njia panda zake. Mgonjwa akiwa mzee, pita huku. Akiwa na kisukari, pita kule. Njia zikizidi kumi katika kipande kimoja, mkaguzi huwaka nyekundu, maana hakuna binadamu atakayezifuata asipotee.

Kipande kimoja kilikuwa nazo arobaini na saba. Kiliandikwa na marehemu Kipara, ambaye kiti chake hakikaliwi hata leo. Kukifumua waliogopa. Basi Mkubwa wa ofisi akaandika mstari mmoja juu yake, wa kumwambia mkaguzi apite asitazame. Nyekundu ikatoweka, watu wakanywa chai yangu. Miaka miwili hakuna jicho lililotua pale. Nanyi mnajua ni nani huhamia nyumba isiyotazamwa, tena yenye njia panda tele.

Asubuhi moja binti tuliyemwita Miwani alikifungua. Mama yake alikuwa amelazwa katika hospitali hiyo hiyo, akataka kuona dawa ya mama inavyopimwa.

"Mzee, nani amegusa kazi ya Kipara?"

"Mimi nagusa vikombe tu, mwanangu."

"Njia zimekuwa arobaini na nane." Alisema kama mtu anayesoma namba ya basi.

Mkubwa akaja kuchungulia. Njia mpya ilisema: mwanamke, miaka sitini na tatu, kitanda cha dirishani. Dawa: sifuri.

"Huyo ni mama," Miwani akasema. "Sindano yake ni saa sita."

"Ifute basi!"

"Nimeifuta mara mbili. Inarudi."

"Piga simu wodini!"

"Nimepiga. Kabati la dawa hufunguliwa na kompyuta, na kompyuta imekataa."

Saa tano na robo ndipo tuliposikia vibonye vikigongwa, tak, tak, kwenye meza ya Kipara, chini ya kile kitambaa cha vumbi ambacho mimi mwenyewe nilikitandika siku ya matanga, na kitambaa kikawa kinainuka na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala, na harufu ya nywele zilizoungua ikatambaa sakafuni ikatupanda miguuni, na Mkubwa, aliyezoea kutucheka sisi waoga wa mashetani, alikuwa amekwisha kupanda juu ya kiti na viatu vyake.

"Dada," akanong'ona, "tukimbie."

"Nikimbie niende wapi?" Miwani hakugeuka.

Alifuta ule mstari wa asitazame. Mkaguzi akawaka nyekundu chumba kizima. Kisha Miwani akaanza kuchambua, njia moja moja, akiisoma kwa sauti, akiikata, akiipa jina lake na kuiweka kando. Kila iliyotajwa jina, vibonye vilipunguza mwendo. Mikono ilikuwa ikimenya kama ya mpishi aliyechoka. Thelathini. Kumi na tisa. Alipofuta ile ya mama, haikurudi. Zikabaki sita. Kitambaa kikatulia.

Saa sita kasoro dakika mbili, simu ikalia. Kabati limefunguka, mama amechomwa sindano.

"Haya," Miwani akasema, akanywa chai iliyopoa.

Yote hayo ni kweli tupu, isipokuwa moja nililotia chumvi ili mpate usingizi. Ile sita ni yangu. Kwa hesabu ya Miwani zilibaki njia sita. Mkaguzi alisoma saba.

"Mwanangu," nilimnong'oneza, "hiyo ya saba?"

"Nimeiona, mzee." Akavuta kiti, akaketi tena.

"Saba iko chini ya kumi," Mkubwa akasema, akishuka kwenye kiti na kujipangusa suruali. "Iacheni."

Na mkaguzi akawaka kijani.