Maji ya Upenuni

Asubuhi, kabla kengele haijalia, kaburi la mtoto aliyezikwa wakati wa Kwaresima lilikutwa tupu. Gualtiero, mkuu wa walinzi wa mji, alichungulia shimoni. Mtoto huyo alikuwa mjukuu wake.

"Aliyefukua atafukuzwa mjini, hata awe nani," alisema Padre Ruggero. "Niletee jina kabla ya jua kuzama."

Ruggero alikuwa mgeni. Miaka hiyo Kanisa lilikuwa na mapapa wawili walioshindana. Mji ulipomwacha Papa wa Avignon ukamfuata Papa wa Roma, padre wa zamani, Landolfo, alitimuliwa, Ruggero akaletwa.

Gualtiero alianza na Nardo, mchimba makaburi.

"Tazama kuta za shimo, mzee," Nardo alisema. "Hilo ni jembe kweli? Huyu kakwangua na kitu kidogo, kama mwiko. Halafu kayapanga majani pembeni vizuri. Mimi na uvivu wangu huu?"

Akamwendea Landolfo, aliyejificha katika zizi la mbuzi nje ya ukuta.

"Nilimbatiza kwa mkono huu," mzee alisema. "Kwangu mimi yuko salama, nimwibe wa nini? Mtafute anayeamini hayuko salama."

Gualtiero aliyarudia maneno hayo njia nzima. Jumapili Ruggero alihubiri kwamba maji ya ubatizo ya padre wa Avignon ni ya kuoshea miguu tu. Na tangu Jumapili binti wa Gualtiero, Fiordalisa, mama wa marehemu, alikuwa akimuuliza baba yake kila asubuhi, "Baba, mvua itanyesha lini?" Fiordalisa hakuwa na shamba wala mzabibu. Alisokota sufu.

Wanawake wa mji ule walikuwa na desturi yao. Mtoto aliyekufa bila kubatizwa walimzika chini ya upenu wa kanisa, ili mvua itakayotiririka kutoka paani imbatize.

Gualtiero alizunguka nyuma ya kanisa. Fiordalisa alikuwa ameketi chini ya upenu, kucha zimejaa udongo, mwiko wa jikoni mapajani.

"Mwanangu, yuko hapo?"

"Usimkanyage, baba."

Ruggero alikuwa amemfuata Gualtiero. "Mama mzima unafukua kaburi," alisema. "Kwa nini?"

"Si ulisema hakubatizwa? Nilikuwa nimekaa mbele yako, ukanitazama ukasema." Fiordalisa hakupaza sauti. "Sikumwiba. Nimemsogeza tu karibu na maji. Ila mvua haiji."

Padre alitazama pembeni. "Jua likizama awe nje ya lango."

"Atatoka," Gualtiero alisema. "Jina umelipata. Na mimi nitatoka naye. Lakini jua bado liko juu."

Alivua upanga wa mji, akauweka miguuni pa padre. Akaenda kisimani, akateka ndoo. Nardo alileta ngazi, akaishika. Gualtiero alipanda na magoti yake mabovu, akamimina maji polepole juu ya vigae vilivyokauka.

Chini, Fiordalisa alikinga kiganja.

"Yamefika?"

"Bado, baba. Paa limeyanywa yote."

Akashuka kuteka ndoo nyingine.