Honi Isiyo na Betri

Kiti kilikuwa cha moto. Mchomeleaji alidhani ni jua, kisha akakumbuka kwamba pikipiki ilikuwa imeshinda sebuleni chini ya turubai. Akapangusa kiganja kwenye suruali, akaendelea na kazi.

Mkewe alipita na ndoo. "Baba Pacha, umeleta pikipiki au umeleta maiti?"

"Subiri ipate rangi. Wewe ndiye utakuwa wa kwanza kupanda nyuma."

Mke akacheka. Hakujua ilikotoka. Ilikuwa imeachwa uani kwa mjane wa mtaa wa pili, ikiliwa na kutu tangu mwanawe wa pekee alipofia juu yake. Mama yule aliitoa bure, kwa sharti moja: ikatwekatwe, asiipande mtu tena. "Niapie, mwanangu," alisema. Mchomeleaji akaapa kwa jina la Mungu, mkono kifuani. Alipofika nyumbani akaikagua injini, akaona ni nzima, akajiambia chuma hakina kosa.

Kazi aliifanya vizuri, hilo halikataliwi. Alitia kokoto na petroli ndani ya tangi, akalitikisa mpaka kutu ikatoka kama chai nzito. Alizibua kabureta kwa waya mwembamba. Breki ya nyuma ilikuwa imeganda; akaifungua, akaipiga msasa. Betri ilikuwa imevimba, akaing'oa na kuitupa nje.

Jioni, adhana ya magharibi ilipokwisha, honi ililia. Ililia kidogo tu, kama mtu anayemjulisha mama yake kwamba amerudi.

Mkewe alichungulia. "Umeshaweka betri?"

"Bado."

"Sasa inalia kwa kitu gani?"

Akavuta turubai, akaifunika.

Kuanzia hapo ikawa hivyo kila magharibi, kwanza honi, kisha harufu ya kafuri, ile wanayotiwa maiti, ikitoka ndani ya tangi lililooshwa kwa petroli, kisha kiti kikibonyea polepole huku springi zikilalamika kama zinavyolalamika mtu mzima anapokaa, na baadaye, kimya kilipotanda, matairi yakakutwa na matope mabichi ingawa mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo, naye mchomeleaji akayafuta matope yale kwa tambara kabla mkewe hajayaona, kwa sababu aliona afadhali kuishi na kitu kile kuliko kutamka kwa mdomo wake kwamba alikuwa amemwapia uongo mama aliyefiwa.

Mpaka jioni moja mkewe alipomshika mkono. "Kuna mtu amekaa pale," alinong'ona.

"Nyamaza, watoto watasikia."

"Ilikuwa ya nani, Baba Pacha?"

Akamwambia, macho yakiwa sakafuni. Mkewe aliuachia mkono wake. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Shehe wa mtaa aliitwa kesho yake, akasimuliwa yote. Alisoma, akanyunyiza maji, na injini iliyokuwa haijawashwa ikatoa mlio wa chuma kinachopoa.

"Huyu si mtoto wa yule mama," alisema. "Ni jini aliyejivika sauti yake. Kiapo ulichovunja ndicho kilichompa nafasi. Mimi nimesoma. Wewe timiza, halafu nenda ukaombe radhi."

Siku ile ile akaikata, fremu, tangi, usukani, vyote. Honi aliitia kwenye gunia, iwe ushahidi kwamba safari hii hakudanganya. Kisha jioni akaenda kwa yule mjane.

Mama alimfungulia akinukia sabuni, amevaa nguo ya kutokea. Mezani palikuwa na maji ya kunawa na sahani moja iliyofunikwa. Mchomeleaji aliketi, gunia kati ya miguu.

"Mama, nilikudanganya. Sikuikata. Nilikuwa naitengeneza niipande."

"Najua, baba. Kila magharibi mwanangu anapiga honi hapo nje. Nikifungua, naona alama za tairi tu." Akatabasamu. "Mwanzo nilikukasirikia. Sasa kila nikiswali nakuombea dua."

"Mama, yule siye..."

"Usiniambie."

Aliitazama sahani ile. Badala ya kumwambia kwamba ameikata leo, akalibana gunia kwa miguu. Adhana ikaanza. Mama akajipangusa uso, akainyoosha nguo yake, akageukia mlangoni kungoja. Adhana ikaisha. Nje palikuwa kimya, kimya kikazidi, na mchomeleaji akaona uso wa yule mama ukianza kuzeeka mbele yake kidogo kidogo, akatamani ardhi immeze kwa kuwa alijua anamfisha mtoto yule mara ya pili.

Ndipo honi ikalia, kati ya miguu yake.

Mama aligeuka, akaliangalia gunia. Machozi yakamtoka.

"Alhamdulillahi," alisema taratibu. "Leo umemwingiza ndani."

Akaenda kufunga mlango kwa komeo, akafunua sahani. Kiti kilichokuwa kitupu upande wa pili wa meza kikalalamika polepole, kama kinachopokea mtu mzima. Harufu ya kafuri ikajaa chumba. Mchomeleaji hakuinua uso wake.