Niliona Aibu Kumwambia Baba Mkwe Gari Limenishinda

Nina miaka thelathini na tisa. Ni fundi magari hapa Sakina, kando ya barabara ya Nairobi. Nina mke na binti mmoja wa miaka sita, Upendo. Jina langu naomba nilifiche... mtanielewa mkifika mwisho.

Mkinikuta gereji mtasema huyu jamaa hana shida duniani, maana utani nauweza na mdomo ninao. Lakini siku niliyopaswa kuufungua mdomo huo, niliufumba! Hadi leo simu ikilia mchana nashtuka, jasho linanitoka.

Baba mkwe wangu ni mkulima wa Nkoaranga, ana migomba na kahawa. Alikuwa na pikapu ya zamani ya petroli, injini ya kabureta, ambayo aliitunza kuliko wengine wanavyotunza ng'ombe. Mwaka jana ikaanza kunywa mafuta vibaya. Mimi kwa kiherehere changu nikamwambia, "Baba, niachie mimi. Tutoe kabureta tuweke injekta, uone mambo."

Je, nilikuwa nimewahi kufunga mfumo huo? Hata siku moja! Niliona wenzangu wakifunga, nikaangalia video kwenye simu, basi nikajiona nimehitimu.

Vifaa nilivipata duka la spea mjini: injekta, pampu ya umeme, sensa, na kile kiboksi kinachoamua mafuta yaingie kiasi gani. Mwenye duka, mama mmoja wa Kihindi aliyezaliwa hapa hapa Arusha, aliniuliza, "Fundi, na mipira ya mafuta je? Hii pampu ina presha kubwa, mipira ya kabureta haiwezi." Nikamjibu ninayo. Sikuwa nayo! Sikutaka tu anione mshamba.

Nikafunga. Gari likawaka! Mzee akafurahi, mama mkwe akaniletea mkungu mzima wa ndizi.

Furaha yenyewe ilikuwa ya wiki moja. Asubuhi likiwa baridi liliwaka vizuri, lakini likishapata moto na kukutana na mlima, linamisi, linakohoa, linazima. Nikabadilisha plagi. Nikabadilisha chujio. Nikasafisha tangi, nikaweka sensa nyingine, nikafuata waya mmoja mmoja... Wapi! Mara tatu nilimrudishia mzee nikisema limepona, mara tatu likamlaza njiani.

Kila akilileta alisema kwa upole ule ule, "Mkwe, hujaniambia bado ugonjwa wake ni nini." Nami namjibu, "Ni kitu kidogo tu, baba."

Jamani! Mtu aliyenipa binti yake, ningemtazamaje usoni nimwambie sijui? Angekuwa mteja wa barabarani ningemwambia apeleke kwa fundi mwingine. Lakini mkwe?

Ndipo nikaamua kupiga dairekti. Mafundi wenzangu wananielewa. Niliitoa pampu kwenye kile kiboksi, nikaiunga moja kwa moja na swichi. Maana yake, ufunguo ukiwa umewashwa pampu inasukuma mafuta tu, injini iwe inazunguka au imezima. Gari likaacha kuzima. Ugonjwa sikuupata, niliuziba mdomo tu.

Jumamosi moja mchana mzee akaja kulichukua. Mke wangu na Upendo wakapanda naye kwenda kumsalimia bibi. Niliwafungia mlango kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikaendelea na kazi nyingine karibu nusu saa. Niliporudi pale gari lilipokuwa limeegeshwa, nikaona sakafu imelowa. Nikagusa, nikanusa... Petroli! Tena si tone, ni dimbwi! Nikajua ule mpira wa kabureta nilioubakiza umeanza kupasuka kwa presha, juu ya injini ya moto, na pampu nimeifunga isijue kusimama.

Nikampigia mzee, hakupokea. Akiendesha huwa hapokei. Nikampigia mke wangu. Akapokea huku anacheka, akasema wamepita Tengeru, na ameweka sauti kubwa ili baba yake anisikie.

Nilikuwa na neno moja tu la kusema: shukeni! Lilifika kooni kabisa. Lakini nikamsikia mzee akisema kwa furaha, "Mwambie sasa linakwenda kama kijana! Mkwe wangu ni fundi kweli!"

Na mimi nikasema... "Shikamoo baba. Nilitaka kujua mmefika wapi. Nendeni polepole."

Nikakata simu.

Ni binadamu gani huyo? Nikadandia bodaboda, nikamwambia kijana akimbize kadiri awezavyo. Tulipofika Sanawari nikapata ujasiri, nikapiga tena. Haipatikani! Nikapiga ya mzee. Haipatikani! Njia nzima nilimwomba Mungu gari lizime kabla halijashika moto. Mimi niliyehangaika wiki kwa wiki lisizime, nikawa nalia lizime!

Tulipoanza kupanda Nkoaranga, niliona moshi mweusi juu ya migomba. Nilipiga kelele hadi bodaboda akayumba.

Mke wangu na Upendo walikuwa wamekaa kando ya njia, wazima. Walisikia harufu kali, na kweli gari likazima kwenye mwinuko. Mzee akawashusha, kisha akarudi kujaribu kuliwasha. Moto ukamlipukia.

Tulimbeba kwa bodaboda ile ile hadi hospitali. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini uso wake umebadilika, na vidole vimejikunja, havishiki panga wala kijiko. Mama mkwe anamlisha.

Mnajua kinachonitisha zaidi? Ni shukrani zake! Kila mgeni akija, mzee anamwambia, "Mkwe wangu alihisi moyoni, akatufuata. Bila yeye nisingefika hospitali." Kanisani nikasimamishwa mbele ya usharika niombewe kwa wema wangu. Watu wakasema amina, na mimi nikasema amina!

Juzi mke wangu aliacha kuchambua maharage, akanitazama. "Baba Upendo, siku ile uliponipigia... ulikuwa unajua?"

Nikamjibu, "Hapana, mke wangu." Hakuuliza tena. Ila tangu siku hiyo haongei na mimi zaidi ya salamu.

Mafundi wenzangu, nawasihi. Kazi ikikushinda, sema imenishinda. Ni aibu ya dakika tano, kisha maisha yanaendelea. Hasa mkiwakarabatia wazazi na wakwe, msiache heshima iwazibe midomo, maana kumheshimu mtu ni pamoja na kumwambia ashuke. Nanyi wenye magari, fundi akikujibu "kitu kidogo tu" zaidi ya mara moja, chukua ufunguo wako uondoke, hata kama ni ndugu yako!

Kabla sijaituma barua hii, kuna mtu mmoja lazima aisome kwanza. Yuko hapo uani anaanua nguo, namwita sasa hivi.

Mama Upendo, nilijua.