Maziwa ya Makindu

Siku ya mnada Emali, mtu akikukanyaga hasemi pole, anasema songa. Malori yalikuwa yamejipanga kutoka reli hadi barabara kuu, mbuzi wakipakiwa kwa makelele, madalali wakipiga kelele kuliko mbuzi, na vumbi likiingia mpaka ndani ya chai. Katikati ya vurugu hiyo mwanamume mrefu, kikoi cha buluu kiunoni na koti la ngozi mabegani, alikuwa akipita duka baada ya duka akiwa amekumbatia kilemba chake kifuani kama mtu aliyeiba mkate.

Alisimama mlangoni pa duka la nguo la Falis, akatoa salamu.

"Wewe ndio ule msichana wa paka?"

Falis alikuwa akipima kitambaa cha dira, lile gauni refu pana la Kisomali. Hakuinua macho. "Niko na jina."

"Jina utaniambia baadaye. Hawa hawana muda."

Akakifungua kilemba juu ya meza. Ndani mlikuwa na vitoto vitatu vya paka, macho bado hayajafunguka, vikitafuta titi kwenye mikunjo ya kitambaa.

"Mama yao alikuwa amelala chini ya lori yangu," mwanamume alisema. "Nikarudi nyuma. Sikuona. Wallahi sikuona."

Hapo Falis akamtazama. Alikuwa na uso mzuri, hilo hakuna ubishi, lakini kilichomshika ni kwamba mchuuzi wa mbuzi, mtu wa kupeleka wanyama machinjioni kila wiki, alikuwa amesimama pale midomo ikimtetemeka kwa ajili ya paka wa jaa.

Emali nzima ilijua habari za Falis binti Ugas. Mbele aliuza madira, baibui na shali za kila rangi, na chumba cha nyuma kilikuwa cha paka. Kikundi cha waokoa wanyama kutoka Nairobi kilimletea, kikilipia chanjo na chakula, naye akawalea. Mkuu wa chumba hicho alikuwa paka mzee wa madoa aliyeitwa Mwaitu. Jina hilo lilitoka kwa jirani yake Muthoki, muuza chapati, kwa sababu ndivyo Mkamba anavyomwita mama yake. Mwaitu alitolewa kwenye ghala la mahindi, watoto wake wote wamekufa kwa sumu ya panya, maziwa yamemjaa mpaka hawezi kulala. Wakampa yatima, akamnyonyesha. Wakampa wengine. Baadaye daktari alimfunga uzazi, lakini kundi moja likiacha kunyonya lingine limeshafika, na maziwa hayakupata nafasi ya kukauka. Aliletwa kwa Falis akae kwa muda tu. Muda huo ukawa miaka, na hakuna aliyezungumzia tena kumrudisha.

Falis alivipangusa vitoto vile kwa tambara alilolalia Mwaitu, akamwekea paka bakuli la samaki, na alipokuwa ameinama anakula akavisogeza taratibu kutoka nyuma. Mwaitu aligeuka, akanusa. Ridwan, maana ndilo lililokuwa jina la mwanamume yule, alizuia pumzi. Ulimi ukatoka, ukaanza kulamba.

"Anakubali hivyo tu?"

"Hiyo paka haijui kuuliza umetoka kwa nani. Ikishakunyonyesha, wewe ni wake."

Mmoja wa wale watatu alikufa kabla jua halijatua. Falis alikuwa amezoea. Miaka ya ukame walikufa wengi kuliko waliopona. Ridwan hakuwa amezoea. Alimzika mwenyewe nyuma ya stesheni, na mnada uliofuata akarudi kuuliza hali ya waliobaki. Na uliofuata tena. Kufikia hapo hata Muthoki aliona kwamba haulizi tu habari za paka.

Simu zikaanza.

"Mama Paka, umekula?"

"Nimekula."

"Uongo. Nasikia njaa kwa sauti yako."

"Na wewe umefunga mzigo ama unaongea tu?"

"Niko na mbuzi mia hapa, zote zinaniangalia. Sema unanipenda nizikate kiburi."

"Mbuzi hazinipigii simu saa za kazi. Hizo ndizo napenda."

Akakata simu huku anacheka peke yake. Muthoki, mikono imejaa unga, alitikisa kichwa. "Hiyo kicheko ni ya mtu ameisha."

Alikuwa ameisha kweli. Falis hakuwa msichana aliyezoea kupendwa. Mama yake alifariki siku alipomzaa, pale Makindu, wakiwa njiani na ng'ombe wa baba. Shangazi yake wa Kwa Vonza ndiye aliyemkuza. Baba naye alikufa barabarani kabla Falis hajajua kutamka jina lake. Tangu akiwa mdogo alikuwa na swali moja. Mtoto mchanga, mama amekufa, safarini, nani alimlisha? Shangazi alikuwa akijibu, "Mungu alikulisha," kisha anamtuma maji. Shangazi alikufa bila kuongeza neno. Kwa hiyo Ridwan aliposema, "Nataka Hooyo akuone," Falis alishona dira jipya la rangi ya zabibu na hakulala usiku ule. Angekuwa na mume. Na kama Mungu angependa, angekuwa pia na mtu wa kumwita Hooyo, yaani mama kwa Kisomali, neno ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

Mama Hodo, mama yake Ridwan, alikuja naye kutoka Makindu akiwa na baibui jeusi na shali ya njano, mzee mnene mwenye macho ya upole. Alimsifu Falis kwa chai yake, akalisifu dira. Kisha akachungulia chumba cha nyuma, akamwona Mwaitu amelala ubavu, vitoto vya rangi nne tofauti vimemng'ang'ania.

"Wote ni wake?"

"Hapana, Mama. Ni wa kuokotwa."

Mama Hodo aliwatazama muda mrefu. Aliporudi kwenye kiti sauti yake ilikuwa imeshuka. "Baba yako ndiye nani?"

"Ugas Kusow. Alikuwa akipitisha ng'ombe hii njia."

"Na mama yako alifia wapi?"

"Makindu. Siku nilizaliwa."

Kikombe kiligonga kisahani. Mama Hodo akasimama, akamwita mwanawe, akasema kichwa kinamuuma. Chai aliiacha nusu. Hakumtazama Falis tena mpaka gari likaondoka.

Kuanzia siku hiyo simu ya Ridwan ikawa ni ile sauti ya mwanamke anayesema mteja hapatikani. Ikipatikana, inalia mpaka inakatika. Ujumbe alikuwa akiusoma. Falis aliona umesomwa. Ridwan hakujibu hata mmoja.

"Ni hizo paka," Muthoki alisema. "Mama gani anataka mtoto wake aoe nyumba inanuka samaki?"

"Alijua kuna paka kabla akuje."

"Basi ni hiyo maneno ya uyatima. Wazee wanaogopa mtu hana watu."

Hilo lilimchoma, kwa sababu ndilo alilolifikiria mwenyewe. Alimchukia Mama Hodo kwa moyo wake wote. Alimchukia Ridwan pia, lakini hakufaulu vizuri. Na kana kwamba hayo hayatoshi, maziwa ya Mwaitu yakaanza kuisha. Uzee ulikuwa umemfikia. Vitoto vilivuta, vikalia, vikavuta tena. Falis alivinywesha kwa bomba la sindano usiku na mchana, na bado vikafa viwili. Alivizika nyuma ya stesheni, akabaki amesimama pale na jembe, akivililia vitoto, akijililia mwenyewe.

Mwezi ulikuwa umekwisha Ridwan alipotokea, siku isiyo ya mnada, duka likiwa tupu. Alikuwa amekonda. Koti la ngozi lilikaa kwake kama la kuazima.

"Falis, tufunge ndoa. Ijumaa hii. Hapa hapa Emali."

"Umepotea, simu hushiki, halafu unaingia hivi ati ndoa?"

"Nitusi baadaye. Sema ndiyo tu."

Alikuwa amejiapiza akija atamfukuza kwa fagio. Badala yake machozi yalimtoka akiwa anacheka. "Ndiyo, mjinga wewe. Ndiyo! Kwani nilikuwa nangoja nini?"

Mwanamume aliyekubaliwa hufurahi. Ridwan alifumba macho kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Falis akaacha kucheka.

"Mama yako alisema nini juu yangu?"

"Achana na Hooyo."

"Alisema nini, Ridwan?"

Aliketi juu ya robota la vitambaa.

"Mama yako alifia kwa nyumba ya jirani yetu. Hooyo alikuwa na Yurub mkononi, dada yangu, bado mchanga. Wakamletea mtoto. Hooyo akamnyonyesha mpaka baba yake akapata mtu wa kumlea, akamchukua. Alisema atamrudisha kumsalimia. Hakurudi, na Hooyo hakujua mtoto ameenda mji gani." Akainua macho. "Falis, huyo mtoto ni wewe."

Kwao Waislamu jambo hili halina mjadala. Mtoto akinyonyeshwa na mwanamke siku baada ya siku, akashiba, huyo ni mtoto wake kama aliyemzaa, na watoto wote wa mwanamke huyo ni ndugu zake. Hawaoani, leo wala kesho. Falis alilijua hilo tangu madrasa.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na yeye. Shangazi yako amekufa, baba zetu wamekufa, wale majirani walihama." Sauti ya Ridwan ikawa ya haraka sasa, ya mtu anayeuza kitu asichokiamini. "Hooyo amelia mwezi mzima. Juzi akaniita. Akaniambia, mimi ni mzee, wazee husahau. Ukitaka nisahau, nitasahau. Nilikuja nikuoe bila kukuambia. Nilikuwa nimeamua kabisa. Halafu ukasema ndiyo, nikashindwa."

Hebu tuseme ukweli: Falis alimtaka. Alimtaka mwanamume huyu pamoja na koti lake na mbuzi zake, na kwa dakika nzima aliiona hiyo Ijumaa, hina mikononi, Muthoki akipiga vigelegele vya Kikamba mlangoni. Kilichohitajika ni watu watatu kunyamaza. Na kunyamaza si kazi. Shangazi yake aliweza hadi kaburini.

"Alininyonyesha muda gani?"

"Kwa nini unauliza?"

"Niambie."

"Miezi. Mpaka ukaanza kushika vitu. Anasema Yurub alikuwa na titi moja, wewe moja, na ukishiba ulikuwa unamshika kidole humwachi." Ridwan akajipangusa uso. "Walipokuchukua alipata homa. Maziwa yako yalikataa kukauka."

Falis akaketi sakafuni pale pale, dira likiwa limemzunguka. Alilia bila kuficha. Ridwan hakuthubutu kusogea.

"Maisha yangu yote nimeuliza nani alinilisha," alisema hatimaye. "Leo nimejibiwa. Nikiolewa na wewe, itabidi niseme hiyo maziwa haikuwa kitu. Nimwambie huyo mama asahau. Mimi ndio nimwambie anisahau! Siwezi, Ridwan."

"Na mimi?"

"Nakupenda. Kesho pia nitakupenda, na nitaomba Mungu anitoe hiyo kitu pole pole. Usiniulize tena."

Akasimama, akaosha uso, akamwita Muthoki awaangalie paka mpaka kesho. Muthoki alitaka kuuliza, akaona nyuso zao, akachukua tu bomba la sindano na kopo la maziwa.

"Nipeleke Makindu," Falis alimwambia Ridwan.

Lori lilikuwa juu sana kwa mwanamke mwenye dira. Ridwan alinyoosha mkono kumsaidia kupanda. Katika miezi yote ile ya mapenzi, mikono yao haikuwahi kugusana. Ilikuwa haramu, nao walingoja ndoa. Sasa ilikuwa halali. Ndugu humshika dada yake mkono mbele ya yeyote. Falis aliutazama mkono ule, akaushika, ukiwa na joto na ugumu kama alivyokuwa akiuwazia, akapanda, akauachia. Lori likashika njia ya Makindu.

Mama Hodo alifungua mlango mwenyewe. Hakumtazama Falis. Alimtazama mwanawe, na hofu ya usoni mwake ilikuwa ya mtu anayesubiri kuambiwa adhabu.

"Mmeamua nini? Nisahau?"

Falis akampita Ridwan, akapiga magoti kizingitini, akazishika zile ncha za shali ya njano kwa mikono miwili.

"Hooyo," alisema.

Mzee yule alishuka chini polepole hadi sakafuni, akamkumbatia, akaanza kulia kwa sauti kubwa, akimpapasa kichwa na mgongo kama mtu anayekagua mtoto aliyeanguka. Ridwan alibaki nje ya mlango, funguo za lori mkononi, akimsikiliza msichana ambaye yeye alitaka kumwoa akimwita mama yake mama.