Kopo la Nne

Kopo la tatu ndilo lililoanza kulowa. Petrona alilifungua jua likiwa la utosi, akakuta noti zote majimaji, zinanuka maji ya bahari na tumbaku ya kiko. Makopo mengine mawili, juu ya rafu ileile, yalikuwa makavu kabisa.

Hapa kijijini kwetu Hopkins nani asiyeyajua makopo ya Petrona? Mwanamuziki hana meneja, hana kampuni, anajitafutia shoo mwenyewe, na bado hakopi kwa mtu! Wenzake wakilipwa Jumamosi, Jumatatu wanapiga miayo. Yeye akirudi anagawa palepale mezani, kabla hajavua viatu: kopo la kwanza nyuzi za gitaa na nauli, la pili chakula na mafuta yake ya nazi ya nywele, la tatu studio. Hata mumewe Narciso, mpiga ngoma wake, alilipwa kama mpiga ngoma yeyote.

"Mke wangu, yaani hata mimi unanikata nauli?"

"Ulipanda gari au hukupanda?"

Kopo la tatu lilikuwa la kurekodi wimbo mmoja tu, na wimbo huo, jamani, ndio ulioleta balaa.

Aliupata usingizini. Kwetu Wagarifuna, watu wa pwani hii, hilo si jambo la kushangaza. Marehemu anakujia ndotoni anakupa wimbo, nawe unauimba mbele za watu ukimtaja aliyekupa. Fedha ya kwanza ya wimbo ni yake: anapikiwa, anamiminiwa ramu, anaogeshwa, maana wafu nao, huko ng'ambo ya bahari waliko, wanaona njaa na joto. Aliyempa Petrona ni dada yake Tiburcia, aliyefariki mwaka juzi. Alimjia na kiko chake mdomoni, vilevile kama alivyokuwa.

Petrona hakumtaja. Siku ya kwanza kuuimba, kwenye uwanja wa kanisa, alisema, "Huu nimeutunga mwenyewe."

Ni wivu. Sina jina jingine la kuuita. Miaka yote Tiburcia aliongoza, Petrona akaitikia nyuma yake. Watu walikuja kumkumbatia Tiburcia, Petrona wakampa mkoba wa dada yake ashike. Hata msibani, mama mmoja mnene alimwambia, "Pole mwanangu. Sasa nani atatuimbia?" Naye Petrona amesimama palepale na gitaa begani! Neno lile lilimchoma, na halikupoa.

Basi akaanika noti kwenye kamba ya nguo, zikakauka. Jioni zililowa tena. Mwenye duka akazikataa. "Mama, hizi umezitoa tumboni mwa samaki?"

Kisha sauti. Petrona alikuwa anaosha vyombo, anaimba ule wimbo kwa kujifurahisha, na kila alipomaliza mstari mtu alimwitikia kutoka chumbani. Akanyamaza. Chumbani nako kukanyamaza. Akaimba tena, polepole, mkono ungali ndani ya maji ya sabuni, na safari hii sauti haikungoja amalize, ilimtangulia, ikashika mstari kabla yake, ikaja nayo harufu ya tumbaku ukumbini, ikapita mezani, ikapita kwenye rafu ya makopo, ikasogea hadi nyuma ya shingo yake, na Petrona alipofungua mdomo apige kelele hakikutoka kitu ila pumzi kavu.

Tangu siku hiyo koo lake likawa linakauka. Kila alipotia senti ya wimbo ule kwenye kopo, sauti ilipungua. Siku ya studio ilishalipiwa arubuni, na bila sauti Petrona hakuwa na kazi nyingine duniani.

"Ni Tiburcia," Narciso alimnong'oneza.

"Nyamaza! Usimwite."

"Simwiti. Ameshaingia."

Wakaenda kwa Crisanta, buyei wetu, yaani mganga anayesema na wafu. Walimkuta anakuna muhogo wa mkate, jasho linamtiririka. Aliwasikiliza bila kuacha kukuna, halafu akacheka mpaka akakohoa.

"Nyuzi zina kopo, tumbo lina kopo, studio ina kopo. La dada yako liko wapi?"

Petrona akainamisha kichwa. "Alikuwa na kila kitu, mama," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Angeniachia huu mmoja."

"Si alikuletea? Mtu kakufuata usingizini na zawadi, wewe unamfungia mlango! Sasa sikiliza. Kwa fedha yote ya kopo la tatu mwogeshe, mlishe. Halafu urudi palepale ulipomkana, umtaje. Ukimtaja ataondoka ameshiba."

"Nisipomtaja?"

Crisanta akaacha kukuna. "Koo lako analo tayari mkononi. Atabaki nalo."

Wakafanya. Shimo likachimbwa nyuma ya nyumba, ndugu wakapanga foleni, kila mmoja akamwaga humo ndoo yake ya maji akimwita Tiburcia kwa upole. Noti safari hii zilikauka zikapokelewa dukani, na palipikwa samaki wa nazi na ndizi za kutwanga. Kopo la tatu likabaki tupu, kavu, halina harufu, na asubuhi yake Petrona alipoamka koo lilikuwa jepesi. Alilia kwa furaha.

Jumapili alasiri uwanja wa kanisa ulijaa. Petrona akashika gitaa, akavuta pumzi amtaje. Macho yake yakatua mstari wa mbele. Yule mama mnene wa msibani alikuwa anajifuta machozi, wimbo haujaanza hata, anamwambia jirani yake, "Ningempata Tiburcia leo, hata mara moja tu!"

Petrona akahisi moto ule ule kifuani. Jina lilikuwa limeshafika ulimini. Akalimeza.

"Wimbo huu," akasema, "ni wangu."

Akaimba, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Tiburcia. Nzito, pana, ile ile. Uwanja ulisimama. Watu walilia, wakacheza, wakamrushia noti mpaka miguu yake haikuonekana, na yule mama mnene alipanda jukwaani akamkumbatia. Ni Narciso peke yake aliyeacha kupiga ngoma.

Nyumbani, mwanamke yule aliketi mezani, akawasha kiko. Akagawa fedha haraka haraka, kopo la kwanza, la pili, la tatu. Kisha akainuka, akatafuta kopo jingine jikoni, akalipangusa vumbi, akaweka humo fungu nono.

"La nani hilo?" Narciso aliuliza, mgongo umegandamana na ukuta.

"La mdogo wangu," alijibu kwa sauti ya shemejiye. "Mimi simdhulumu mtu, shemeji."

Akaanza kuimba taratibu. Chumbani, ambako hakukuwa na mtu, mtu aliitikia. Sauti nyembamba, ya kukwaruza kidogo, inayongoja mstari uishe ndipo iingie, kama ilivyozoea miaka yote.

Asubuhi Narciso alifungua kopo la nne. Noti zilikuwa zimelowa chapachapa, na zilinuka mafuta ya nazi.