Nakala ya Shangazi Mwaisha

Kila siku baada ya shule, Sabra alipitia ofisi ya kampuni moja ya mpunga karibu na Msamvu, akamngoja shangazi yake, Mwaisha, ili warudi pamoja nyumbani Mafiga. Alikuwa darasa la sita, na mikono yake haikujua kutulia.

Miaka hiyo kampuni za watu binafsi zilichipuka kama uyoga, na kompyuta zikachukua nafasi ya madaftari makubwa. Lakini kompyuta ya hesabu pale ofisini ilikuwa nzito. Mkulima aliyeleta mpunga kutoka Dakawa alingoja robo saa kupata hati ya malipo, na foleni ilifika barabarani. Meneja alikuwa amesema kwamba hali isipobadilika kufikia Ijumaa, watarudi kwenye madaftari, na Mwaisha, aliyeisimamia kompyuta hiyo, atafute kazi nyingine.

Mwaisha hakuchezea hesabu zenyewe. Alinakili kumbukumbu zote kwenye kompyuta ya pili, ili majaribio yafanyike kwenye nakala. Humo aliongeza faharasa, kama ile ya mwisho wa kitabu, ili kompyuta isisome kurasa zote ikitafuta jina moja. Alhamisi alimwita Sabra amsaidie kuingiza mizigo ya kubuni.

"Andika upendavyo, hii ni nakala tu," alimwambia. "Ila usibonyeze Chapa."

Majibu yalitoka kufumba na kufumbua. Furaha ikampanda Sabra kichwani, akamwandikia mkulima mmoja kwenye orodha, Mzee Dadi wa Dakawa, magunia elfu moja na mia mbili. Shangazi alipogeuka kupokea simu, kidole kikaenda kwenye Chapa. Sabra hakuona karatasi yoyote ikitoka, akashusha pumzi.

Kumbe nakala ilibeba kila kitu, hata njia ya kwenda kwenye mashine ya kuchapia iliyokuwa kwenye dirisha la malipo. Huko karani Eustace aliokota karatasi, akamwita Mzee Dadi, aliyekuwa kwenye foleni na magunia yake kumi na mawili. Mzee aliisoma mara mbili, akairudisha.

"Mwanangu, hivi nimelima lini? Shamba la mpunga huu lingefika Dodoma."

Foleni nzima iliangua kicheko. Eustace akampelekea Mwaisha karatasi ile, naye hakucheka. Aliamini kwamba faharasa yake imeivuruga nakala hadi ikachapa yenyewe hesabu za uongo. Akaketi kuifuta kazi ya wiki nzima, akisema taratibu kwamba atamweleza meneja ameshindwa.

Sabra alijua kwamba akinyamaza, hakuna atakayemshuku.

"Shangazi, usifute. Ni mimi. Nilibonyeza Chapa."

Mwaisha alimtazama. "Ulimwandikia magunia mangapi?"

"Elfu moja na mia mbili."

"Basi faharasa yangu ni nzima," alisema, na uso ukamkunjuka. Akaikata ile njia ya mashine, akikiri kwamba hilo lilikuwa kosa lake mwenyewe, kisha akamtuma Sabra kumwomba Mzee Dadi radhi.

"Shikamoo, babu. Nisamehe, ni mimi niliyekuandikia."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umenitajirisha dakika mbili, nitakusamehe."

Ijumaa asubuhi faharasa iliingia kwenye hesabu za kweli. Hati zilitoka moja baada ya nyingine, na saa nne foleni ilikuwa imekwisha. Meneja mwenyewe alinunua soda kwa ofisi nzima.

Jioni, wakitembea kurudi Mafiga, Mwaisha alimshika mpwa wake bega.

"Nakala tuliitengeneza ili tukosee humo na kujifunza," alisema. "Lakini ukilificha kosa, wenzako watabomoa kilicho kizima wakitafuta kilicho kibovu."