Picha Isiyokuwepo

Kila asubuhi Chiriku, msichana wa darasa la sita, alichukua sare yake kwenye chumba cha mama yake, dobi wa mtaa. Kaka yake alikuwa ameshaikunja, mfuko juu, kola imesimama kama askari. Watu walimwita Meneja. Alikuwa na miaka thelathini na sita, alizaliwa na sindromu ya Down, na kwa kukunja nguo hakuwa na mpinzani. Ila siku hizi alisahausahau: mashati ya mwalimu yaliishia kwa seremala.

Daktari alieleza kuwa wenye hali hiyo huweza kuanza kusahau mapema. Watafiti wa kliniki walikuwa wakichunguza kama protini fulani za damu zinaonyesha ubongo unapobadilika. Meneja angetolewa damu mara mbili, akikubali.

"Huyo? Sindano anaiogopa kuliko simba," mama alisema.

"Niachie mimi," Chiriku akajigamba. Akamwendea kaka yake. "Twende tukapigwe picha."

"Hakuna sindano?"

"Hakuna, haki ya Mungu!"

Meneja akavaa tai. Huko kliniki akakaa wima, akatabasamu, akingoja kamera. Muuguzi alipomfunga mpira mkononi, tabasamu likafa. Hakuitazama sindano, alimtazama dada yake.

Kesho yake, sare ya Chiriku ilibaki kapuni, imejikunyata.

"Kaka, na yangu?"

"Umeniuza."

Wiki nzima alivaa makunyanzi. "Leo umelala na sare?" wenzake walimtania. Wala hakuwajali. Kilichomchoma ni kwamba Meneja, msahaulifu wa mashati, hili hakulisahau.

Siku ya damu ya pili ilipokaribia, Chiriku akaketi kando ya kaka yake.

"Nilikudanganya. Nisamehe. Wanataka damu tena. Utachomwa, na itauma kidogo. Ukikataa, hatuendi."

Meneja akakunja taulo tatu kwanza.

"Utanishika mkono?"

"Nitakushika."

Alikwenda bila tai. Akafumba macho, akautoa mkono mwenyewe. Chiriku akamweleza muuguzi yote.

"Mwanangu," muuguzi akasema, "hata mimi nilikosea, siku ile nilipaswa kumuuliza yeye kwanza. Mwili ni wake. Mwambie mtu ukweli, hata ukiuma, kisha mwache aamue. Kumhadaa si kumsaidia."

Asubuhi iliyofuata sare ilikuwa imekunjwa.

"Iko sawa?" Meneja aliuliza.

Chiriku akaitazama. Alitamani kusema ndiyo.

"Mfuko uko chini, kaka."

Meneja akaigeuza, akailainisha kwa kiganja. "Umesema kweli," akasema, akampa.